Keria ya gari kwa safari ya Lamu: jibu kwa msomaji wa Malindi

SWALI: Assalamu alaykum, mtaalamu. Mimi ni baba wa watoto watatu, mkazi wa Malindi. Mwezi ujao, inshallah, tunakwenda Lamu kwa Maulidi. Tutakuwa saba: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi, mpwa wangu wa kike na watoto. Gari letu ni Toyota Wish ya viti saba. Viti vya nyuma vikisimamishwa, buti haliingii kitu, na paa halina reli. Fundi wa kuchomelea amesema atanitengenezea keria ya chuma ya paa zima. Shemeji yangu ananishauri ninunue sanduku gumu la plastiki. Nami nimeona dukani begi la turubai ambalo bei yake ni nafuu kuliko hivyo vyote. Nichague lipi, na nilifunge vipi?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kwa safari uliyoieleza, na kwa gari hilo, chagua begi la turubai, lakini ulifunge juu ya vyuma viwili vya alumini vilivyokingama paani, usilitandaze juu ya bati tupu. Mizigo yenu yote, ya begini na ya ndani ya gari, isizidi kilo 34 au zilizo karibu na hapo. Mizigo mizito itangulie kwa basi. Nitakueleza nilivyoifikia hesabu hiyo, kwa sababu uzito wa watu wako ukitofautiana na ninavyoukadiria mimi, jibu nalo litabadilika, na itakubidi ulifanyie hesabu mwenyewe.

Watu wengi wanaokuja karakana kuniuliza habari ya keria huanza kwa kupima paa kwa futi, wakitaka kujua keria itaingia masanduku mangapi. Swali la kwanza ni la kilo. Paa la gari dogo ni bati jembamba lililoshikwa na mbavu chache, na kila mtengenezaji ameliwekea kikomo chake. Kwa magari mengi ya familia kikomo hicho huwa kati ya kilo 50 na 100, na ndani yake umo uzito wa keria yenyewe, si wa mizigo pekee. Kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho. Najua magari yetu mengi huja kutoka Japani na vitabu vya Kijapani, lakini usikate tamaa, kwa maana tarakimu na alama ya kg huandikwa kwa herufi tunazozisoma sisi pia. Tafuta ukurasa wenye picha ya paa lililobebeshwa mzigo, kisha upige picha ukurasa huo kwa simu, uitafsiri kwa programu. Ukikosa kitabu, usipite kilo 50.

Kikomo cha pili ndicho kinachosahaulika, nacho kwako wewe ni kikali zaidi kuliko cha paa. Gari zima lina uzito ambao halipaswi kuupita likiwa limejaa. Huko Japani uzito huo wa jumla, unaoandikwa kwenye hati za gari, hupatikana kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Viti saba mara kilo 55 ni kilo 385. Angalia vizuri, ndugu yangu: hesabu hiyo ina watu peke yao, mizigo haimo. Mhandisi huacha akiba kidogo, lakini akiba ile ni ya mashimo ya barabarani na breki za ghafla, wala haifai kupangiwa masanduku.

Sasa tuipime familia yako. Tuseme wewe una kilo 80, mkeo 68, mama 60, mpwa wako 52, na watoto 38, 27 na 18. Jumla ni kilo 343. Ukizitoa katika 385, zinabaki kilo 42, na hizo ndizo za kila kitu kingine: keria, nguo, maji ya kunywa, viatu, zawadi na hata lile kapu la mama lisilokosekana safarini. Tafadhali wapandishe wote kwenye mizani kabla ya kununua chochote. Ikiwa hesabu yako itatoka kilo 365, nafasi iliyobaki ni kilo 20 tu, na hapo ningekushauri usifunge keria kabisa, bali mizigo yote itangulie kwa basi nanyi msafiri na mikoba ya mkononi.

Ukizishika kilo 42 mkononi, vile vitu vitatu unavyovifikiria vinajipanga vyenyewe. Keria za bomba la chuma nilizozipima mimi, zile za paa zima, zilikuwa na kilo 25 hadi 35. Ukiweka ya kilo 30, umebakiwa na kilo 12 kwa watu saba. Sanduku la plastiki la lita 400 hivi huwa na kilo 15 hadi 20, nalo linahitaji vile vile vyuma viwili vya kulishikilia, ambavyo pamoja na miguu yake hufika kama kilo 5. Ukichukua sanduku la kilo 17, jumla ni 22, na kwa mizigo zinabaki 20. Begi la turubai lina kilo 3 na vyuma 5, jumla 8, nawe unabaki na kilo 34, yaani kilo 5 kasoro kidogo kwa kila mtu. Kwa siku chache za Maulidi, hizo zinatosha kwa kanzu, mabuibui, leso, nguo za watoto na maji ya njiani.

Sisemi kwamba sanduku ni baya. Kama mngekuwa wanne, mnakwenda Nairobi mkilala njiani, ningelichagua sanduku bila kusita. Linafungwa kwa ufunguo, mvua hailiingii kirahisi, na umbo lake huupasua upepo vizuri. Lakini halikunjiki. Mkifika Mokowe mtaliacha gari pale bara na kuvuka kwa boti, na sanduku litabaki juu ya gari, tupu, siku zote mtakazokuwa kisiwani.

Keria ya kuchomelea nina neno nayo zaidi. Mafundi wetu wanajua kazi, na kwa gari lenye reli imara au lenye mifereji ya mvua pembezoni mwa paa, kama yalivyo baadhi ya magari makubwa ya zamani, wanatengeneza keria za kudumu. Paa lako halina kimoja katika hivyo. Fundi atalazimika ama kuisimamisha keria juu ya bati kwa miguu ya mpira, ama kutoboa paa apitishe bolti, na yote mawili nakusihi uyakatae. Niliwahi kuletewa gari la viti saba lililokuwa na keria ya miguu minne iliyokaa juu ya bati tupu. Tulipoiinua, chini ya kila mguu palikuwa na shimo la kina cha kidole cha mtoto, rangi imepasuka duara kama kaka la yai, na kwenye mipasuko kutu imekwisha tambaa hadi chini ya mpira wa kioo. Mwenyewe alikuja kwa sababu maji yalikuwa yakimdondokea magotini akiendesha. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na rangi ikishapasuka mahali ambapo jicho halifiki, bati huliwa kimyakimya. Tena, gari lile mlango wake wa nyuma ulikuwa haufunguki zaidi ya nusu, kwa kuwa keria ilikuwa imetokeza nyuma kupita ukingo wa paa. Mlango wa Wish nao hufunguka kwenda juu. Chochote utakachofunga, ufungue mlango huo polepole hadi mwisho kabla hujamlipa fundi.

Vyuma vya kukingama kwa paa lisilo na reli hushikiliwa na miguu yenye ndimi, na kila ulimi hubana ukingo wa juu wa nafasi ya mlango. Ndimi hizo hutengenezwa kwa kufuata umbo la gari maalumu, kwa hiyo mwambie muuzaji aina ya gari na mwaka wake, naye akuonyeshe kwa maandishi kwamba seti ile ni ya gari lako. Seti inayodaiwa kuwa ya magari yote isiyo na ndimi za kubadilisha, iache dukani. Chagua alumini au chuma kisichoshika kutu, na uangalie bolti zake pia, maana nimeona vyuma vya alumini safi vilivyofungwa kwa bolti za chuma cha kawaida, na mahali hivyo viwili vinapogusana penye unyevu wa chumvi, alumini huchimbika na kutoa unga mweupe mpaka bolti ikalegea. Futa vumbi kwenye paa na kwenye kingo za milango kabla ya kufunga, kwa sababu mchanga ukibaki chini ya mpira utasugua rangi safari nzima. Acha kama sentimita 70 kati ya chuma cha mbele na cha nyuma, kisha kaza kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto, hadi vyuma vikae sawa. Mwisho, shika chuma kwa mikono miwili ukitikise kwa nguvu: gari zima linapaswa kuyumba pamoja nacho. Kikicheza chenyewe, hakijashika.

Kwenye begi lenyewe, usidanganywe na neno lililoandikwa kwenye lebo kwamba halipitishi maji. Kitambaa huwa hakipitishi kweli, ila mishono na zipu hupitisha. Lifungue pale dukani, ingiza kichwa ndani, umwambie mtu alielekeze kwenye jua: ukiona nukta za mwanga kwenye mishono, maji nayo yatapita hapo. Mishono iliyounganishwa kwa moto au kuzibwa kwa utepe kwa ndani ni bora kuliko ya uzi mtupu. Zipu iwe na kilemba cha kitambaa cha kuifunika, na ukilifunga begi hakikisha zipu kubwa imeelekea nyuma ya gari. Kagua mahali mikanda iliposhonewa, maana mkanda mzuri hushonwa kwa umbo la mraba lenye msalaba katikati, na hupita chini ya begi zima badala ya kubandikwa ubavuni. Begi kubwa ni mtego. Ukinunua la lita 500 utalijaza, na kilo zako 34 zitakuwa 60 bila ya wewe kujua. Nunua dogo utakalolipata. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku nchini tangu 2017, nguo za ndani zifunge kwa vipande vya turubai jepesi au magunia safi ya nailoni, ili maji yakiingia yasifike kwenye kanzu za sala.

Mpangilio wa mizigo una sheria moja ambayo siilegezi: kizito kiwe chini, chepesi kiwe juu. Mzigo ulio paani huinua kitovu cha uzito wa gari zima, na gari lililoinuliwa kitovu huegemea zaidi kwenye kona, huyumba zaidi likipigwa na upepo wa ubavuni, na dereva akikata usukani ghafla kumkwepa mbuzi, hurudi upande wa pili kwa kishindo. Maji ya kunywa, kwa mfano, lita moja ni kilo moja. Mtungi wa lita 10 ukae sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, na kilo zake zihesabiwe katika zile 34. Unga, sukari na mchele wa zawadi visipande gari hili kabisa. Furushi moja la unga la pakiti 12 za kilo mbili ni kilo 24. Mabasi yaendayo Mokowe hupokea mizigo hapo Malindi, kwa hiyo itangulize siku moja kabla, kwa jina la mwenyeji wenu, naye aipokee. Petroli ya akiba usiiweke paani wala ndani.

Nakuomba usitumie kamba ya manila kuwa tegemeo. Nasema hivi kwa kosa nililolifanya mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilimbebea dada yangu godoro kutoka Malindi kwenda Witu. Nililifunga kwa kamba ya manila ya buluu, mizunguko mitano ya kukingama, na sikufunga hata mmoja wa kutoka mbele kwenda nyuma. Baada ya Gongoni nilianza kusikia mlio kama wa bendera inayopigwa na upepo. Niliusikia, na sikusimama. Upepo ulikuwa umeingia chini ya ukingo wa mbele, godoro likawa linapanda na kushuka, na kila lilipopanda kamba ilisuguana na ukingo wa chuma. Ilikatika mzunguko mmoja, kisha yote kwa pamoja, na katika kioo nikaliona godoro limesimama wima barabarani nyuma yangu. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akinifuata alilikwepa kwa rehema za Mungu tu. Tangu siku ile sijafunga mzigo bila mikanda miwili ya kutoka mbele kwenda nyuma, na sijaupuuza mlio wowote utokao paani. Tumia mikanda bapa yenye vikazio vya chuma, upana wake usipungue sentimita 2.5, na uifunge kwenye vile vyuma viwili, si kwenye vitanzi vya begi. Kila mkanda uusokote mara moja kabla ya kuukaza, ili upepo usiupige ukalia. Ncha zilizobaki zifungwe zisipeperuke. Manila haipendi jua letu pia: kamba iliyokaa nje ya nyumba mwaka mzima inaweza kuonekana nzima, kumbe nyuzi zake zimekwisha kuwa unga.

Njia yenyewe inataka maandalizi ya namna yake. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, na baada ya Garsen mtasimamishwa kwenye vizuizi vya usalama, ambako askari wanaweza kutaka kuona kilichomo paani. Hii ni sababu nyingine ya kulipendelea begi kuliko keria iliyofunikwa turubai na mafundo kumi: unavuta zipu, wanaangalia, unafunga, na mama hakukaa juani. Vitambulisho, dawa za mama, maji na chakula cha watoto visipande juu hata kidogo. Na kule Mokowe, mizigo itateremshwa kwenye boti kwa kupokezana mkono kwa mkono, ngazi zikiwa na unyevu, tena msimu wa Maulidi watu ni wengi gatini. Ndiyo maana ndani ya begi kubwa napenda muweke mikoba saba midogo, kila mtu wake, yenye kitambaa cha rangi tofauti mpinini. Kila mmoja atashika wake, hata yule mdogo. Begi likishakuwa tupu utalikunja na kuliweka chini ya kiti, na juu ya gari vitabaki vyuma viwili tu, ambavyo ni vyema viwe na kufuli.

Kabla ya kuondoka pima hewa ya matairi yakiwa baridi. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva huandika kipimo kwa kPa, ilhali vijana wa kituo cha mafuta hupima kwa psi. Kila psi moja ni kama kPa 6.9, hivyo kPa 220 ni sawa na psi 32, na kPa 240 ni karibu 35. Ikiwa kibandiko kina kipimo cha gari lililojaa, ndicho cha kufuata. Simama Gongoni uikague mikanda na miguu ya vyuma, kwa sababu mikanda mipya hulegea katika dakika za mwanzo, kisha uikague tena Garsen. Barabarani shikilia kilomita 80 kwa saa. Kati ya 80 na 100 nguvu ya upepo juu ya mzigo wako huongezeka kwa zaidi ya nusu, nawe utakuwa umeokoa muda mchache sana. Zile tambarare za bonde la Mto Tana hazina kizuizi cha upepo, na kusi ikiwa kali utauhisi usukani unavutwa, hasa unapopishana na lori: punguza mwendo mapema, shika usukani kwa mikono miwili. Umbali wa kusimama nao uuongeze, maana gari limebeba watu saba na breki zinafanya kazi kubwa. Kumbuka pia kwamba gari limerefuka kwenda juu kwa sentimita 40 au zaidi, na vibanda vingi vya makuti tunavyoegesha chini yake vina boriti zilizo chini kuliko unavyodhani.

Mkirudi, vifungue vile vyuma siku hiyo hiyo, uvioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, uvikaushe na kuzipaka bolti grisi kidogo kabla ya kuvihifadhi. Gari linalotembea mwaka mzima na keria tupu hula mafuta bure, na miguu yake hukusanya chumvi na mchanga.

Ijumaa kabla ya safari, baada ya sala, funga kila kitu kama mtakavyosafiri, wapandishe wote saba, na mwende Mambrui mrudi. Mwambie mpwa wako akae nyuma asikilize paa. Mkirudi nyumbani, pitisha vidole chini ya kila mguu wa chuma na kila mkanda: kilichosogea hata kwa unene wa kidole, kifungue ukifunge upya, na jioni hiyo bado utakuwa na muda wa kwenda dukani kubadilisha kisichofaa.